Kiwango cha Ghalani

Udongo ni mtamu. Asiyewahi kuula asinibishie. Mvua ya kwanza ikidondoka na ule mnuko ukapanda kutoka ardhini, mwenye mimba anayejua ninachosema anameza mate hata kama yuko kanisani. Mimi nina mimba ya tatu kuipata, na Mungu akijalia ndiyo ya kwanza kuizaa. Udongo nilioupenda ulitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya ghala bovu, karibu kabisa na jiko langu. Unavunja bonge, unalikausha juu ya mkaa mpaka liwe jeupe, unalimumunya taratibu. Wanaume wanaona ni wendawazimu. Wao wanakunywa pombe ya ulanzi iliyoingia nzi na hakuna anayewaita wendawazimu.

Mtaa huo uko nje kidogo ya mji wa Songea, upande wa barabara ya Namtumbo, na watu wanauita Ghalani kwa sababu ya hilo ghala. Zamani, kabla sijaolewa huko, chama kimoja cha wakulima kilikuwa kinatunza humo dawa za kunyunyizia tumbaku. Chama kilikufa, dawa zikabaki. Mifuko ikaoza, makopo yakatoboka, paa likavuja, na kila masika maji yakapita humo ndani yakatoka na sumu kuelekea kwenye viwanja vyetu na kwenye kisima chetu. Kwamba ghala linanuka tulijua wote. Kwamba tunalinywa, hilo tulikuja kuambiwa mwaka huu, mradi wa kusafisha ulipofika.

Na mradi ulifika na Asumpta.

Asumpta ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimbeba mgongoni kule Peramiho wakati mama anashinda shambani, na meno yake ya kwanza aliyajaribia begani kwangu. Akasoma, akawa mtaalamu wa afya ya mazingira, akaenda kufanya kazi mbali. Aliponipigia simu kwamba amepangiwa kazi ya Ghalani, nililia kwa furaha. Nilichinja jogoo ambaye mume wangu Thadei alikuwa anamwekea Krismasi. Nikawatangazia majirani kwamba safari hii hawajatuletea mgeni wa kutuangalia kwa mbali akiwa ameziba pua, wametuletea mtu wetu.

Usiku ule tukila alinieleza kazi yenyewe. Mimi nilidhani sumu ni sumu, unachimba, unatupa, umemaliza. Akacheka.

"Haiwezekani kuitoa yote, dada. Tunaweka kiwango. Na kiwango hakianzii kwenye udongo, kinaanzia kwa mtu."

Akanifafanulia. Kwanza unajiuliza ni nani anayeishi hapo, anakunywa maji kiasi gani, ni vumbi kiasi gani linaingia mdomoni mwake, na kwa miaka mingapi. Kutoka kwake ndipo unapiga hesabu: sumu kiasi gani inaweza kubaki ardhini bila kumdhuru. Kama mtu mwenyewe ni mlinzi anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni, nyingi inaweza kubaki. Kama ni mtoto anayetambaa na kulamba vidole, lazima ibaki kidogo. Kiwango kikiwa kikali, mradi unachimba mpaka nyuani kwa watu na kuleta udongo mpya. Kikiwa legevu, wanakwangua sakafu ya ghala, wanazungushia uzio, kwaheri.

"Na anayekula udongo kwa makusudi?" nikamuuliza.

Aliacha kutafuna. "Nani anakula?"

"Mimi. Na nusu ya wanawake wa mtaa huu."

"Dada!" akasema, akanishika mkono. "Hakuna aliyeliandika hilo. Katika hesabu tulizo nazo, mtu mzima anameza vumbi tu, punje za kuhesabika. Wakinieleza wenyewe, kiwango kitabadilika kabisa."

Wakinieleza wenyewe. Rahisi kusema. Kwetu kula udongo ni jambo la jikoni, la wanawake kwa wanawake. Likitoka nje, watasema mumeo hakulishi. Wengine watasema una mdudu tumboni au una pepo. Na mbele ya baba mkwe ndiyo usithubutu kabisa, kwa sababu kutaja udongo ni kutaja mimba, na mimba haitajwi mbele ya mkwe hata kama tumbo limekwisha kumfikia kabla yako. Bonge likikudondoka akiwa anapita, unalikanyaga, unamwamkia shikamoo umesimama juu yake.

Hata hivyo niliwaita. Ilikuwa siku chache baada ya Pasaka. Nikasema kuna maharage ya kuchambua, wakaja, wakajaa jikoni kwangu. Nikafunga mlango, nikawaambia huyu ni damu yangu, semeni. Wakainamia maharage. Basi nikaanza mimi. Nikasema ninavyokula, na ninavyoamka nikiutamani. Nikasema na lile nisilopenda kulisema, kwamba mimba mbili zimenitoka katika nyumba hii na hii ya tatu nailalia macho.

Leticia ndiye aliyenifuata. Ni jirani yangu wa uzio mmoja, mama wa Remmy, naye alikuwa na tumbo linalokaribiana na langu.

"Mimi Kwaresma nilifunga nyama, nikafunga na sukari," akasema. "Udongo ulinishinda. Nilimwambia Yesu anisamehe, na yeye alizaliwa na mwanamke."

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Baada ya hapo hakuna aliyenyamaza. Asumpta alicheka kuliko wote, akasema hata yeye alikula alipokuwa msichana kule Peramiho, na ni kweli, mimi ndiye niliyempa. Akawauliza kila mmoja ukubwa wa bonge, Leticia akamwonyesha kwa kiganja. Akaapa mbele yao kwamba majina hayatatajwa. "Nitasema wanawake wa Ghalani," akasema, "basi." Waliondoka wakiwa wepesi. Leticia alinishika bega mlangoni, akaniambia mdogo wangu ni mtu mwema.

Mwishoni mwa Mei tukaitwa kwenye mkutano wa mtaa. Mabenchi ya mbele walikaa wazee, na katikati yao baba mkwe wangu, Mzee Kajetani, na kofia yake ya kwendea misa. Wanaume wengine walisimama pembeni. Sisi wanawake tulikaa chini kwenye mikeka. Thadei wangu hakuwepo, anaendesha lori la mahindi na wiki hiyo alikuwa njiani.

Kiongozi wa mradi aliitwa Edwin, mtu wa Bukoba, mpole, anayesalimia hadi watoto. Akaeleza kwamba wamekamilisha mipango miwili. Wa kwanza ni wa kusafisha ghala na kufunga kisima. Wa pili ni mkubwa, unachimba na kubadilisha udongo wa viwanja vyote vya karibu pamoja na eneo lote la nyuma ya ghala. Upi utafuatwa, inategemea majibu yetu siku hiyo, kwa sababu wanataka kiwango kinachofanana na maisha ya watu wa hapa.

"Mimi nilikuwa na wazo la kupita nyumba kwa nyumba," akasema, "tuzungumze na akina mama faragha. Lakini mwenzetu Asumpta, ambaye ni binti yenu wa huku huku, ametushauri vizuri. Ametuambia kwamba kwa desturi yenu jambo la wote linaulizwa mbele ya wote. Tukamsikiliza, maana sisi wengine ni wageni."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtafuta Asumpta kwa macho, nikamkuta anapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari.

Akasimama, akaamkia wazee, akaanza. Wanaotumia maji ya kisima? Mikono ikajaa hewani. Ambao watoto wao wanacheza nyuma ya ghala? Mikono tena. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza nani ana kuku:

"Kuna mtu mzima hapa anayekula udongo? Anyooshe mkono."

Wanaume wakaangua kicheko. "Labda mbuzi wa Isidori!" mmoja akapaza sauti, na Isidori mwenyewe, mume wa Leticia, akacheka kuliko wengine.

Hapo nilielewa. Lilinipanda taratibu, kuanzia miguuni. Mtu wa Bukoba asingejua. Angekuja nyumbani kwangu na kalamu yake na upole wake, angeuliza kwa aibu, na angepata jibu la kweli. Ili kuupata uongo ilitakiwa mtu wa kwetu. Alitakiwa mtu anayejua kwamba mke wa Isidori hawezi kunyoosha mkono mbele ya Isidori, na mke wa Thadei hawezi mbele ya Mzee Kajetani. Asumpta alijua, kwa sababu nyumba iliyomfundisha aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha mimi. Alichukua aibu yetu akaifanya kufuli, akatufungia nayo.

Niliwatazama wenzangu. Waliokuwa wakicheka jikoni kwangu mpaka wakashika mbavu sasa walikuwa wanakagua mikeka. Leticia alikuwa anajifunga kanga ambayo ilikuwa imefungika.

Nikanyoosha mkono.

Kicheko kilikatika, kikarudi kikubwa zaidi. Nikasikia mtu anasema, "Kumbe Thadei hampi mkewe ugali!" Mzee Kajetani alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea mzee yule, na sijawahi kujionea huruma kama siku hiyo. Mkono sikuushusha. Nilimtazama mdogo wangu, nikasema moyoni, niangalie basi. Sema tu kwamba wako wengi na umewasikia.

"Mmoja," akasema Asumpta, akiwa anaangalia juu ya kichwa changu. "Tena huyu ni dada yangu wa tumbo moja, msije mkasema nimempendelea. Kiwango hakiwekwi kwa mtu mmoja."

Watu wakapiga makofi kwa uadilifu wake. Edwin akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasita. "Una uhakika?" akamuuliza chinichini, lakini mimi nilikuwa karibu. Asumpta akaitikia kwa kichwa. Basi Edwin akatangaza mpango wa kwanza. Kisima kitafungwa na bomba litaletwa, na kwa hilo nashukuru, siwezi kukataa. Ghala litakwanguliwa na kuzungushiwa uzio. Viwanja vyetu na kichuguu vinabaki kama vilivyo, kwa sababu sumu iliyomo iko ndani ya kiwango.

Ndani ya kiwango cha nani, hakuna aliyeuliza.

Asumpta alikuja nyumbani kabla jua halijazama, mimi niko uani nachambua majani ya maboga. Akavuta kigoda akakaa. Mapajani alikuwa na bahasha ya kaki.

"Dada, najua umekasirika."

"Hujui. Ungejua usingekuja."

"Nisikilize. Fedha za mradi haziwezi kuchimba mtaa mzima. Kiwango kingekuwa kikali, wangeandika Ghalani isubiri awamu nyingine, na hiyo awamu hakuna anayeijua. Mngeendelea kunywa kisima kile. Sasa angalau kinafungwa. Nimewapatia nusu."

"Nani alikutuma utuchagulie nusu?"

Akaigeuza bahasha mapajani.

"Fedha zikiwa hazitoshi, mtu husema fedha hazitoshi," nikamwambia. "Ungesimama pale ukasema hivyo tungelia pamoja. Wewe hukusema fedha hazitoshi. Umesema sisi hatuli."

"Mkataba wangu unaisha Juni," akasema kwa sauti ndogo. "Wanaomaliza kazi kwa wakati ndio wanaoongezewa."

"Haya. Hapo umesema kweli."

Akafungua ile bahasha akanisogezea. Ndani mlikuwa na mabonge ya udongo, meupe, makavu, yamevunjwa vizuri kama ya dukani. Mate yakanijaa mdomoni, na nikauchukia mdomo wangu.

"Umetoka mbali, ni salama," akasema. "Ule wa kichuguu usile tena, dada. Nakuomba. Hata kuushika usiushike. Na ukiweza nenda kwa mama ukajifungulie huko."

"Unajuaje huu ni salama?"

"Niliupima. Niliupeleka maabara pamoja na sampuli za hapa."

"Lini?"

Aliona alipojikwaa, lakini alikuwa amechelewa. "Mwezi uliopita," akasema.

Mwezi uliopita. Niliyaacha majani yakaanguka. Maana yake, maharage yetu hayajaisha kuliwa, yeye alikuwa amekwisha kujua mkutano utakavyoisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaupanga. Na akijua hivyo, akaenda akanitafutia udongo wangu peke yangu, akaupima, akauweka akiba. Wenzangu aliwaacha na kichuguu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kitakuletea na zawadi.

"Na wale wawili wangu?" nikamuuliza. "Ni huu udongo?"

"Sijui, dada. Hakuna anayeweza kujua."

"Lakini huyu wa sasa unamwogopea."

Akaanza kulia. Zamani akilia nilikuwa namchukua mgongoni. Safari hii niliichukua bahasha, nikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Leticia."

Alinishika kanga. "Dada, ukiwaambia nimekwisha. Edwin akijua, nimekwisha. Nimekuletea wewe kwa sababu wewe ni dada yangu."

"Na mimi nilikuletea wao kwa sababu wewe ni mdogo wangu," nikasema, nikaivuta kanga yangu.

Nilipiga hodi kwa Leticia nikiwa na hasira ya kubomoa mlango. Akatoka, macho yako chini. Nyuma yake Isidori alikuwa amekaa na redio, anasubiri taarifa ya habari. Asumpta alinifuata, akaishia kwenye uzio.

"Mama Remmy, mdogo wangu amekuletea udongo," nikasema, kwa sauti ile ninayoitia kuku. Isidori akapunguza redio. "Huu umepimwa. Ule wetu wa kichuguu una sumu, na yeye anajua, ndiyo maana amenitafutia huu. Alitaka nile peke yangu. Mtazame, yule pale. Mwulize."

Leticia alitazama bahasha. Akamtazama Asumpta muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika, nikajua amenielewa neno kwa neno. Mkono wake ukaenda tumboni. Nilidhani atalia, nilidhani atapiga kelele, na mimi nilikuwa tayari kupiga naye mpaka mtaa mzima utoke nje.

"Udongo gani tena?" Isidori akauliza kutoka ndani. "Mke wangu anakula udongo?"

Leticia akaniangalia. Macho yake yalikuwa yananiomba.

"Mimi sili udongo, Mama," akasema. "Labda umekosea nyumba."

Akaurudisha mlango polepole, bila kuubamiza. Niliiweka bahasha kizingitini, nikageuka. Asumpta alikuwa amefuta machozi.

"Umeona mwenyewe, dada?" akaniuliza. "Umeona?"

Alisema kwa upole, lakini kulikuwa na ahueni katika sauti yake, kama mtu aliyeshinda kesi. Lile la mkutanoni huenda siku moja nitalisamehe, maana njaa ya kazi naijua. Ahueni ile siisamehe. Nilimwambia achukue begi lake lililobaki chumbani kwangu aende akalale na wenzake hotelini, naye akalichukua.

Mimi niko Peramiho sasa, kwa mama, kama Asumpta alivyotaka. Msinihukumu. Mzee Kajetani mwenyewe ndiye aliyekuja siku ya pili, akasimama mbali na mlango, akasema huku anatazama pembeni kwamba mjukuu wake asizaliwe pale. Thadei akanileta. Mtoto anacheza tumboni mpaka ananiamsha. Asumpta ameongezewa mkataba, mama ndiye aliyeniambia. Kwangu anapiga simu kila Jumapili, sipokei.

Ghalani uzio umekamilika. Nasikia Leticia bado anapita kichuguuni jioni jioni, na si yeye peke yake. Lakini kwenye hesabu za mradi mla udongo alikuwa mmoja tu katika mtaa mzima, na huyo amehama.